Seva Ilichemka Mchana Kutwa, Kumbe Mume Wangu Ana Kazi Nayo

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mkaazi wa Kikwajuni. Nimeachika. Nalisema mwanzo ili mtu asijisumbue kunionea huruma.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Wasomaji wenzangu wa Unguja mnaelewa maana yake. Siku ya hina wanawake wanavua mabuibui, wanaachia nywele, wanacheza watakavyo, kwa sababu hakuna mwanamume ndani. Wananiamini mie na kamera yangu. Amana hiyo ndiyo riziki yangu na ndiyo jina langu... nikiipoteza nimekwisha.

Video zote nilizihifadhi kwenye seva ya akiba, dukani kwangu. Aliyeniundia ni Haji, fundi wa kompyuta, wakati huo bado mume wangu. Ni mashine moja, lakini ndani aliigawa ikawa kama kompyuta tatu: ya hesabu, ya albamu, na ya kutunza nakala. Nakala zilichukuliwa alfajiri, basi. Mchana seva ilitakiwa ipoe.

Haikupoa. Mchana kweupe, hakuna aliyeigusa, feni inavuma na kazi ya prosesa, ubongo wa mashine, imepanda juu kabisa! Nikamuuliza Haji, akasema vumbi. Nikaifungua nikaisafisha... wapi. Akasema joto la kaskazi. Nikaigeuzia feni ya ukutani, mie nikabaki natota jasho. Akasema labda programu ya kukagua virusi. Nikaizima, hali ile ile. Kila nikiiwasha upya inatulia kidogo, kisha inaanza tena. Mwishowe akanambia niache kujitia ufundi, mashine si sufuria.

Hapo alinikera. Nikazizima zile kompyuta za ndani moja moja. Ya hesabu, feni bado inavuma. Ya albamu, bado. Nilipoizima ya nakala, chumba kizima kikanyamaza.

Nikaiwasha tena, nikatazama ni programu gani inayokula nguvu. Ilikuwa ya kupunguza video ziwe nyepesi, zirushwe kwa simu. Sikuiweka mie. Nikafungua video iliyokuwa ikishughulikiwa. Alikuwa wifi yangu Rukia, mdogo wake Haji wa tumbo moja, nywele wazi, anacheka siku ya hina yake.

Hata dada yake?

Nilipomkabili, Haji hakukana. Alisema kuna mtu nje ya nchi ana ukurasa wa mitindo ya maharusi, anazinunua, na huko hakuna anayewajua. Akaniomba nifute kila kitu, ninyamaze, tulee watoto. Nilipokataa akasema nichague, yeye au mdomo wangu. Nikachagua mdomo. Talaka akanipa siku hiyo hiyo.

Mama yake, Bi Zuhura, akaja mbio dukani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anahema.

"Mwanangu, msitiri mumeo. Mke hamvui nguo mumewe mbele za watu."

Nikamwomba atazame kwanza. Alipomuona bintiye alivuta ushungi akaushika mdomoni. Nikamuuliza, mama, tumsitiri nani? Huyu mmoja aliyeuza, au hawa wote waliouzwa?

Aliinuka, akatafuta viatu vyake, akasema twende.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Rukia. Kisha tukazunguka kwa kila bibi harusi, mpaka Uroa, mie na yeye. Wengine walilia. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Polisi tumeripoti, kesi ipo. Wateja wengi wamenikimbia, na mtaani wanasema nimejiaibisha kwa mikono yangu. Sawa. Lakini mie nimejiaibisha mwenyewe, sikumuaibisha mtoto wa mtu nikaficha.

Leo seva naiendesha mwenyewe, na nywila naijua mie peke yangu. Dada zangu, mashine ikihangaika na hamkuituma, msiambiwe vumbi mkaridhika. Zimeni kimoja kimoja mpaka mjue inamtumikia nani. Na mkishajua, nawaombeni, msinyamaze kwa kuogopa kuachwa. Mie nshaachwa, na bado nnakula na wanangu.

Alhamisi nna hina hapa hapa Ng'ambo. Mlangoni, kukusanya simu za wageni, anakaa Bi Zuhura.