Zamu ya Bi Mkubwa

Soko la vitambaa siku ya Jumamosi halina adabu. Bega linasukuma bega, muuzaji anamvuta mteja mkono kama shemeji yake, na anayesimama kufikiri anakanyagwa. Katikati ya msongamano huo alisimama kijana mmoja mrefu, shati la kaki limepigwa pasi likanyooka, viatu vina madoa ya rangi nyeupe. Alikuwa amenyanyua kitambaa cheusi juu ya kichwa, amefumba jicho moja, anarudi kinyumenyume kulitafuta jua, mpaka akamkanyaga mtu.

"Kaka, unanunua kitambaa au unatazama kama mwezi umeandama?"

Aligeuka. Aliyekanyagwa alikuwa binti mwenye gauni la manjano, utepe wa kupimia umening'inia shingoni mwake kama mkufu, na pini tatu mdomoni. Alikuwa fundi mapazia, mwenye duka dogo chini ya ngazi. Sokoni walimwita Sindano. Hakuwa mwembamba, ila akikuambia neno leo, unahisi lilipochoma kesho yake.

"Samahani, dada. Natafuta kitambaa kisichopitisha jua hata chembe."

"Hicho kinapitisha hata umbea. Njoo nikuonyeshe." Akamwongoza dukani. "Chumba kina madirisha mangapi?"

"Moja tu. Ila limezunguka chumba kizima."

Sindano akatoa pini mdomoni. "Chumba gani hicho? Unafuga popo?"

Kijana akacheka, akaeleza. Yeye alikuwa fundi wa minara ya taa, ile inayowaongoza mabaharia usiku. Kileleni mwa mnara mna kioo kikubwa kinachokusanya mwanga wa taa moja na kuutupa mbali baharini. Mchana ni lazima kifunikwe, kwa maana jua likipenya humo linaweza kuchoma kila kilichomo.

"Kumbe kinachookoa usiku ndicho kinachounguza mchana!"

"Kioo kile kinakuza chochote unachokipa, dada. Kazi yetu ni kuangalia tunakipa nini."

Sindano alishona mapazia hayo polepole kuliko alivyozoea. Naye Fundi Taa alikuja kuyakagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mnara aliokuwa akiutengeneza ulifungwa kwa wageni kwa sababu ngazi zake zilikuwa mbovu. Basi siku za Jumapili alimpeleka kuona minara mingine ya kale. Walikwenda kwenye mmoja ambao bahari ilikuwa imeukimbia. Mchanga ulijaa mwaka hadi mwaka, na sasa mnara umesimama katikati ya mashamba ya vitunguu.

"Maskini," alisema Sindano, akiupapasa ukuta. "Umeachwa bila kuambiwa."

Mwingine ulikuwa juu ya jabali. Huko Fundi Taa alimsimulia kwamba zamani taa ilizungushwa na mtambo kama wa saa. Usiku mmoja mtambo ulikatika, na mlinzi wa taa alikuwa amelala na homa. Mkewe akakizungusha kioo kwa mikono mpaka kukapambazuka, na meli zikapita salama.

"Aliitwa nani?"

"Haijulikani. Kibao cha shukrani pale mlangoni kina jina la mume tu."

"Aliyelala na homa?"

"Ndiye."

Walipofika kituo cha basi Sindano akasema, "Mtu akizungusha dunia usiku kucha, angalau atajwe." Fundi Taa akamtazama, akajua kwamba huyu ndiye.

Baada ya hapo simu zao hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utalala njaa. Salio linakwisha."

Balaa liliingia kwa mlango wa simu hiyo hiyo. Walikuwa mgahawani, mbele yao bilauri mbili za maji ya machungwa. Fundi Taa alikwenda kunawa. Simu yake ikaita mezani.

"Mlio huo ni wa kijana mpaka rangi wa kazini," alisema kwa sauti kutoka kwenye beseni. "Pokea, mwambie nakuja!"

Sindano akapokea. Kabla hajatoa neno, sauti ya upande wa pili ilimwagika kama maji ya bomba lililopasuka.

"Kaka, uko wapi? Bi Mkubwa anakungoja! Umemwacha peke yake tangu asubuhi, na leo ni zamu yako ya kulala kwake. Usiniambie umeshakwenda kwa Bi Mdogo! Yule hana shida, hata ukimwacha wiki nzima hasemi kitu."

Sindano aliilaza simu kifudifudi. Fundi Taa aliporudi na mikono inayodondosha maji alikuta kiti kitupu.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda dukani.

"Mapazia yako haya hapa," alisema Sindano bila kuinua macho kwenye cherehani. "Chukua, uwahi zamu yako."

"Zamu? Mpenzi, nimekosa nini?"

"Pita huku, kaka, unawazuia wateja."

Fundi Taa aliwaza usiku kucha. Kweli mara nyingi alilala mnarani, na alishawahi kumkatia simu kwa sababu ya kazi. Asubuhi akaandika ujumbe akiamini unatoka moyoni: "Kama ni zamu zangu za kulala nje ndizo zinazokuudhi, nitazipunguza."

"Mama!" Sindano alipiga kelele. "Anasema atazipunguza!"

Mama yake alikuwa akipiga pasi. Aliisimamisha pasi, akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi niliolewa nikidhani niko peke yangu. Habari za bi mkubwa nilizipata nikiwa na mimba yako, tena kwa muuza maziwa. Yote niliambiwa baadaye. Lakini kosa langu ni moja: nilimchukia yule mama kabla sijamwona. Siku ya maziko ya baba yako, yeye ndiye aliyenishika mkono. Naye alikuwa hajaambiwa kitu, kama mimi."

"Sasa nifanye nini?"

"Vaa vizuri. Tunakwenda kumsalimia."

Alasiri hiyo walifika kwenye mnara, mahali pekee walipojua pa kumuulizia, Sindano na gauni lake la samawati, mama na kilemba kipya, mkononi amebeba shuka lililokunjwa vizuri, zawadi ya mke mwenza wa binti yake. Mlangoni walimkuta mpaka rangi na ndoo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumekuja kumwona Bi Mkubwa."

Uso wa mpaka rangi uling'aa. "Karibuni sana! Watu wengi humtazama kwa mbali tu, kisha hujiendea zao."

"Hali yake?"

"Umri, mama. Alikuwa hawezi kujigeuza mpaka asukumwe. Ila fundi amemhangaikia, sasa hajambo. Hivi sasa anaogeshwa."

"Na nani?"

"Na fundi mwenyewe. Hataki mtu mwingine amguse."

Sindano aliegemea ukuta. Hasira aliyokuwa nayo iliisha ghafla, na chini yake akakuta aibu. "Mama, turudi. Mwanamke wa watu ni mgonjwa. Mwizi ni mimi."

"Mwizi ni aliyenyamaza," alisema mama. "Panda."

Walipanda ngazi, ambazo sasa zilikuwa zimetengenezwa, mama akiyalaani magoti yake kila zinapopinda. Upande wa jua mapazia meusi yalikuwa yamefungwa; kwingine chumba cha juu kilijaa mwanga. Katikati kilisimama kioo kirefu kuliko mtu, mapete juu ya mapete, na ndani yake Fundi Taa, mikono ya shati imekunjwa, kitambaa laini kiganjani. Sura yake ilikatika vipande vingi ndani ya kioo, vingine miguu juu kichwa chini. Alipowaona aliinuka haraka, akajigonga.

"Sindano! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkeo yuko wapi?"

"Mke gani?"

"Bi Mkubwa. Nimemletea shuka."

Mpaka rangi, aliyekuwa amewafuata nyuma, akagonga chuma kilichoshika kioo. "Si huyu hapa, mama! Na Bi Mdogo ni ile taa ndogo ya kwenye lango la bandari. Walinzi wa zamani ndio waliowapa majina, kwa sababu walilala huku na kule kwa zamu."

Mama aliketi juu ya ndoo ya rangi, akacheka mpaka kilemba kikateleza. Sindano hakucheka. Machozi yalimshuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya," alisema Fundi Taa. "Ulivyoumia kwa ajili ya yule mke asiye na jina, niliogopa utasema sisi wanaume hata minara tunaigeuza wake wawili. Ila wewe mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu kwetu mambo huambiwa baadaye. Mama aliambiwa baadaye. Mimi siwezi kuishi hivyo, hata kwa mzaha."

Fundi Taa alitoka ndani ya kioo, akaweka kitambaa chini.

"Basi nikuambie kabla. Nakoroma. Niliwahi kuposa, nikaivunja posa mwenyewe, na yule binti alilia. Naogopa kupanda boti."

"Fundi wa minara anaogopa bahari!" alisema mama.

"Ndiyo maana nilichagua kazi ya kusimama nchi kavu, mama." Akamgeukia Sindano. "Na kubwa kuliko yote: kazi hapa ikiisha, napelekwa kwenye mnara wa mbali. Hakuna soko huko, hakuna mteja wa pazia. Ningekuwa nimeshakuomba nikuoe, ila neno la umbali ndilo lililonikaba. Sasa nimelisema. Unaweza kukataa."

Upepo ulipiga vioo. Sindano alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Duka langu silifungi."

"Sikuombi ulifunge."

"Nitakuja kupaona kwanza. Nikipapenda nitakaa siku nyingi. Nisipopapenda utakuja wewe kila upatapo likizo, kwa barabara, si kwa boti. Na mimi nina wivu, umeona mwenyewe. Nanuna siku nzima bila kueleza sababu. Hilo nalo nakuambia kabla."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Lakini utakuja nyumbani kumwomba mama kwa heshima, umevua viatu hivyo vya rangi."

Mama alikuwa ameshainuka. Aliliacha shuka juu ya ndoo, akamwashiria mpaka rangi mlangoni.

"Nishike mkono tushuke, mwanangu. Polepole, magoti haya si yangu tena. Hao waache, wana mengi ya kuambiana."