Kioo Juu ya Ufa

Mume wangu ni fundi rangi. Ukuta wenye doa humkosesha raha. Kwa hiyo ufa ulipotokea kwenye chumba cha mama yake, alifanya anachokijua. Aliuziba kwa plasta, akapaka rangi.

Ufa ukarudi. Akaziba tena. Ukarudi mpana zaidi, na mlango ukaanza kukwama. Siku moja Bibi, yaani mama mkwe wangu, alikwama ndani. Tulimtoa kwa kusukuma mlango kwa mabega.

"Mama, hamia chumba cha watoto," mume wangu alimwambia. "Hiki itabidi tukibomoe."

"Thubutu! Umenijengea kwa mikono yako. Sitoki ng'o!"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Chumba kile kilikuwa fahari yake. Iliniuma sana kumwona vile.

Nikaenda kumwita jirani. Mama huyu ni mhandisi wa barabara. Sisi humwita Mama Shindilia, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Aliutazama ufa, kisha akatoka nje na kuchoma nondo ardhini penye kona. Ilizama kama kijiko kwenye uji.

"Shemeji, ukuta hauna kosa," alisema. "Udongo wa chini ndio unaobonyea. Hapa palikuwa na nini?"

Bibi alijishika kiuno. "Si ndipo tulipochimba udongo wa matofali ya nyumba hii? Shimo tulilifukia kwa takataka na kifusi."

"Lo! Nami nikajenga juu yake!" mume wangu alisema.

"Ndiyo. Takataka zimeoza, na maji ya paa yanamwagika papo hapo. Tuyaelekeze mbali kwanza. Kisha tuushushe msingi hadi kwenye udongo mgumu. Bibi, utahama kwa muda tu."

"Kama ni kwa muda, haya," Bibi alijibu. "Lakini nitarudi!"

Mama Shindilia alituletea mwashi anayeijua kazi hiyo. Walitegemeza paa kwa miti. Mume wangu akashika sururu, akaanza kuchimba upande mzima.

"We! Unataka ukuta ukuangukie?" Mama Shindilia alimkemea. "Tunachimba kipande kifupi tu, mpaka udongo mgumu. Tunajaza zege, kisha tunabana saruji na mchanga kwenye nafasi iliyobaki chini ya msingi wa zamani. Zege likishashika, ndipo tunachimba kipande kingine, mbali kidogo na kile."

Kazi ilikwenda polepole. Mwishowe tulirudishia udongo safi wenye unyevu kidogo, tabaka nyembamba juu ya tabaka.

"Shindilia!" alisema kwa kila tabaka. Bibi naye akadakia, "Shindilia!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha Mama Shindilia alibandika kipande cha kioo juu ya ufa, upande wa nje, kwa plasta huku na huku.

"Kikivunjika, ukuta bado unasogea. Shemeji, marufuku kupaka rangi mpaka mvua zipite."

Maskini mume wangu! Mvua zilinyesha kwa fujo. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kukitazama kioo. Kilikuwa kizima.

Mvua zilipokwisha, mwashi aliuziba ufa bila kukigusa kioo, na mume wangu akapaka rangi kwa raha zake. Bibi alirudi chumbani. Aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukajifunga bila kelele.

"Mama, nikibandue hiki kioo?" mume wangu aliuliza.

"Kiache," Bibi alijibu kutoka ndani. "Wageni wakija, waone kwamba nyumba ya mwanangu haitikisiki."