Kicheko Kilichokosa Pa Kukaa

Kama ni kumlaumu mtu, mlaumuni Norbert, lakini mlaumuni kwa upole, maana alichofanya alikifanya kwa kumpenda mkewe.

Irma Gorczyk hakuwahi kuipenda ile filamu. Ilitengenezwa miaka ile filamu zilipoanza tu kusema. Mhudumu wa hoteli mwenye masikio mapana anapewa mbwa wa mama mmoja tajiri amwogeshe, mbwa anamponyoka, na hadi mwisho hoteli nzima imejaa povu na hakuna mgeni aliyebaki na nguo kavu. Norbert aliiona utotoni kwenye sinema ya mtaani kwao, hapo hapo mjini Buffalo, Marekani. Alipostaafu kiwanda cha chuma akajiunga na klabu ya wapenzi wa vichekesho vya zamani, akajipatia kaseti yake mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa anaitia kwenye deki kama mtu anayekunywa dawa.

"Sasa huyu mbona kasimama tu?" Irma alikuwa akiuliza, hizo soksi anazoshona ziko mapajani. "Kamwagiwa unga, kajifuta macho, ananitumbulia mimi. Aseme basi!"

"Anasubiri watu wacheke, mke wangu. Sinema ilikuwa ikifurika mpaka mlangoni. Angesema hapo hapo, nani angemsikia?"

"Na hapa kafurika nani? Mimi, wewe na mtungi wako."

Mtungi wenyewe ulikuwa wa oksijeni. Vumbi la kiwandani lilikuwa limemkaa Norbert kifuani, na siku hizi hata kicheko chake kilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha kikohozi kimoja, basi. Irma alikizoea kicheko kile. Usimwambie mtu, lakini filamu alikuwa anakaa kuitazama kwa ajili ya kicheko hicho.

Kule klabuni nako alikwenda mara moja tu, akakoma. Watu wazima na mvi zao wamekaa kwenye viti vya kukunja, na kila mhudumu anaposimama kuwatazama, wote wanacheka. Filamu wameiona mpaka wameikariri, lakini pengo lile la kusubiri watu wacheke likifika ni lazima kicheko kitoke, cha kweli au cha kulazimisha, kama watu wanaoitikia sala. Alirudi na kichwa kinamgonga.

"Wana wazimu, hao marafiki zako," alimwambia Norbert njiani.

"Ni desturi tu," Norbert alisema, na yeye mwenyewe hakujua zaidi ya hapo.

Ndiyo maana ilipokaribia siku ya kukumbuka harusi yao, akajifungia kwenye chumba cha chini na deki mbili na waya. Akawa anaicheza kaseti huku, anarekodi kule, na kila lilipofika pengo anabonyeza kitufe, analiruka. Yote akayaondoa. Filamu ikatoka fupi, ya mbio, maneno yanafukuzana na mbwa.

"Zawadi yako," alisema Ijumaa ile mchana, theluji imeanza kuanguka. "Hakuna tena kungoja."

Basi, Irma alicheka! Alicheka mpaka soksi zikaanguka chini. Mhudumu akiteleza anainuka na jibu mdomoni, mama tajiri akipiga kelele mbwa ameshatumbukia kwenye keki, hakuna pumzi, na Norbert hatazami televisheni hata kidogo, anamtazama mkewe tu, ameridhika kama mtu aliyekula akashiba.

Filamu ikaisha. Irma akatafuta leso afute machozi. Sebule ikawa kimya kidogo.

Hapo, nyuma ya kochi, mtu akacheka.

Hakikuwa kicheko cha mtu mmoja. Kilikuwa kinene, cha ukumbi mzima, kama watu mia wamefungiwa nyuma ya ukuta, na kilikatika ghafla kama kilivyoanza.

"Hujazima?" Irma aliuliza taratibu.

"Nimezima." Norbert alionyesha kioo cha televisheni. Kilikuwa cheusi.

"Basi ni majirani."

"Ni majirani," Norbert alikubali haraka, ingawa majirani wa upande ule walikuwa wamehamia Florida.

Asubuhi yake mlango haukufunguka. Upepo wa ziwani ulikuwa umewatapikia theluji usiku kucha, imepanda mpaka nusu ya madirisha, na redio inasema mtu asithubutu kutoka, magari ya kusafisha barabara yenyewe yamezama. Wao hilo halikuwatisha. Walikuwa na soseji, kabichi, viazi na kahawa. Irma akatenga mezani, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kushukuru kwa chakula, na alipovuta pumzi kabla ya amina, kicheko kikaja tena, safari hii chini ya meza.

Pakanuka bisi zilizoungulia siagi. Pakanuka makoti ya sufu yaliyolowa, na moshi wa sigara, na nyumba ile haikuwa imevutiwa sigara tangu Norbert augue.

Na Norbert alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mabega yake yanaruka, mdomo uko wazi, vile vile kabisa anavyokuwa mtu aliyezidiwa na kicheko, ila sauti haimo. Kicheko kilipokatika akaanguka mgongoni mwa kiti, midomo ya samawati, anahema.

"Kimenivuta," alinong'ona. "Irma, pumzi yangu. Kinacheka kwa pumzi yangu."

"Nyamaza, usiseme."

"Hapana, sema! Wewe sema! Tukinyamaza ndiyo kinakuja!"

Ikawa hivyo. Kila penye kimya kicheko kilijitia, na kila kilipocheka Norbert alirudi akiwa pungufu. Irma alijaribu kuwasha redio, lakini msomaji wa habari naye ana mapafu, kila akimeza mate kicheko kinamdakia, kwa hiyo akaizima na kuanza kusema mwenyewe. Alisema habari za bei ya kabichi na habari za dada yake aliyeolewa na Mjerumani, alisema rozari yote na akairudia, alisema majina ya watu waliozikwa na mama yake na waliokuja na maua na waliokuja mikono mitupu, alisema huku anapika, huku anambadilishia Norbert mtungi, huku mdomo umekauka na ulimi unagonga meno, na dirishani mwanga ulikuwa wa kijivu tu, theluji imebana kioo kama godoro, na alijua akifika mwisho wa sentensi bila nyingine kuwa tayari basi ile hadhira isiyoonekana, iliyokuwa inamngoja kochini na chini ya meza na nyuma ya mapazia, ingecheka, kwa hiyo hakufika mwisho, aliunga neno kwa neno na jambo kwa jambo, "halafu, halafu, na kisha, Norbert, nikamwambia, halafu," mpaka machozi yakawa yanamtoka na bado anasimulia habari za viatu.

Simu, ashukuriwe Mungu, ilikuwa nzima. Akampigia Kazimir Dudek, mzee wa klabu, aliyekuwa akiangaza tochi kwenye ile sinema ya zamani na kuwaonyesha watu viti vyao. Alimweleza yote bila kituo.

Kazimir hakumcheka wala hakumuuliza kama amelewa. "Shemeji," alisema, "ameyakata mapengo?"

"Ameyakata, alikuwa ananifurahisha mimi, nilikuwa nalalamika, nilimsumbua sana."

"Yesu na Maria! Mapengo yale si yetu. Yana mwenyewe. Kila palipocheka watu wengi miaka mingi huja kitu kikakaa kinakula. Sinema zilipofungwa kilibaki na filamu zake. Pale mhudumu anaposimama ndipo kinapokaa, na sisi tunacheka nacho kila mara kishibe kitulie. Mlidhani tunacheka kwa raha? Norbert amekibomolea nyumba. Sasa kinakaa kwenu."

"Kinammaliza, Kazimir, nifanye nini, niambie upesi."

"Kaseti ya kwanza mnayo? Ile nzima?"

"Ipo, iko kabatini, ipo."

"Iweke. Kila pengo likifika, cheka. Cheka kwa nguvu, kikikufuata kitaingia mahali pake, pengo moja baada ya jingine. La mwisho likishapita, toa mkanda uutupe kwenye theluji, usiutazame tena mpaka kufa. Lakini sikiliza, shemeji." Sauti ya mzee ikashuka. "Norbert asicheke. Hata kidogo. Kimeshashika pumzi yake. Akiifungulia mdomo, kitaingia nayo."

Irma hakukata simu. Aliulaza mkono wa simu juu ya meza, akamketisha Norbert kitini, akamfunga skafu mdomoni.

"Usicheke, mzee wangu. Umesikia? Chochote utakachoona."

Norbert akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini ni yale yale yake.

Irma akabonyeza. Mhudumu akatokea na sinia lake. Unga ukamwagika, akajifuta macho kwa vidole viwili, akasimama, akatazama. Sebule ikajaa harufu ya makoti. Irma akafungua mdomo.

"Ha," alisema. "Ha. Ha. Ha."

Na kile kitu kikacheka pamoja naye, lakini mabega ya Norbert yalitulia, na kicheko kilisikika kikitokea mbali kidogo, upande wa kioo. Kinaingia! Irma akapata nguvu. Pengo la pili akacheka kama jogoo. La tatu akacheka kwa kushika kiuno kama alivyowaona wale wazee wa klabu. Mwanamke huyu hakuwa na kipaji hicho hata chembe, kicheko cha kulazimisha kilimtoka kama mtu anayepaliwa na viazi, mara kikwaruze, mara kipande juu na kumponyoka, mara kiishie puani, na kati ya pengo na pengo alikuwa anajipangusa jasho na kunong'ona, "Ee Mama wa Mungu, nisaidie nicheke," huku kochi linanyamaza, mapazia yananyamaza, harufu inapungua, na ndani ya televisheni ule umati unazidi kunenepa nyuma ya mhudumu, kila akisimama unasikika ukijibanza mahali pake, mpaka Irma akaanza kuamini kwamba wanaweza kutoka.

Likabaki moja. Mhudumu amekaa ndani ya beseni, mbwa amevaa kofia yake, hakuna tena wa kumwagiwa. Akageuka, akatazama.

Irma alivuta pumzi zote alizokuwa nazo, akatanua mikono, akacheka, na hapo hapo kicheko kikageuka kuwa kwikwi. Kwikwi kubwa, ya kurusha mabega. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akaangalia huku na huku kwa hofu, na ikamtoka nyingine, kali kuliko ya kwanza.

Alimwona Norbert. Skafu ilikuwa imeteremka shingoni. Alikuwa anamtazama yeye, si mhudumu wala mbwa, anamtazama mke wake mwenye jasho na nywele zilizosimama anayepigana na jini kwa kwikwi, na uso wake wote ulikuwa umekunjuka.

"Norbert, usi..."

Bawaba kavu ililia. Kikohozi kimoja kikafuata.

Lakini havikutoka kitini. Vilitoka kwenye kioo, katikati ya umati, wazi kabisa, kana kwamba mtu yuko safu ya mbele. Kisha mhudumu akasema neno lake la mwisho, muziki ukapiga, filamu ikaisha.

Kitini Norbert alikuwa bado anatabasamu. Mtungi ulikuwa unapuliza hewa peke yake.

"Shemeji?" Sauti ndogo ya Kazimir ilitoka mezani. "Shemeji, kimeondoka?"

"Kimeondoka," Irma alisema.

"Na Norbert je?"

Irma aliweka kiganja mbele ya mdomo wa Norbert; hapakuwa na pumzi. Nyumba nzima ilikuwa kimya, kimya kirefu cha theluji, na hakuna aliyecheka. Hakuwahi kuchukia kitu kama alivyokichukia kimya kile.

"Irma, nisikilize. Toa mkanda. Utupe sasa hivi. Yule aliyemo humo si wa kukaa naye tena, unanisikia? Irma!"

Alimsikia. Alichukua blanketi akamfunika Norbert miguu, maana nyumba ilikuwa inapoa. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Akavuta kiti chake mpaka magoti yakagusa televisheni, akarudisha mkanda mwanzo, na unga ulipomwagika na mhudumu akasimama, akakaa kimya kabisa ili asikie vizuri.

Alikuwepo. Bawaba, kisha kikohozi. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na wenzake pande zote: "Irma? Mbona huji?"

Theluji ilipokatika, vijana wa kanisa walipita na makoleo wakifukua milango ya nyumba moja baada ya nyingine. Walipofika kwa akina Gorczyk walisimama dirishani wakatega sikio. Ndani walisikia filamu inacheza, na mzee na bibi wanacheka, wanacheka, hawana habari.

"Hawa wako salama," mmoja alisema, na wakaendelea na nyumba inayofuata.