Joto la Shimo la Ndizi

Jua lilikuwa linazama Murusagamba, na Novatus bado alikuwa amechuchumaa migombani, kompyuta magotini, akigombana na waya. Alikuwa amechomeka kihisi joto kwenye shimo ambamo mama yake, Agripina, alifukia ndizi za pombe ziive. Kibao kidogo cha elektroniki kilipaswa kutuma namba za joto kwenye kompyuta. Zikaja takataka tupu, herufi zisizo na kichwa wala miguu.

"Shimo likishafunikwa halichokonolewi mpaka siku yake," Agripina alikuwa amemwonya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu la Novatus lilikuwa limesoma chuo, likajiona halivunjiki.

Mwishowe aliliona kosa. Kibao kilituma kwa kasi moja, programu ikasoma kwa kasi nyingine. Akazilinganisha.

Thelathini na tisa.

Akakunja uso. Shimo lilikuwa halijawashiwa moto wa kuivishia. Ndizi mbichi zingepata wapi joto hilo? Namba ikapanda kidogo… ikashuka… ikapanda. Kisha shimoni ikatoka harufu ya dawa ya kuchua. Ni dawa ileile aliyopakwa mkewe, Speciosa, aliyelala ndani hoi kwa homa.

Novatus akafanya wafanyavyo mafundi wote kitu kikiwatatiza: akachomoa waya ili aanze upya.

Ndani ya nyumba Agripina akapiga yowe.

Novatus alikimbilia ndani, akamkuta Speciosa macho wazi, kifua kimetulia tuli.

"Umefanya nini huko?" mama yake alinong'ona.

"Nimechomoa waya tu."

"Kile kidude ulikifunga na nini?"

Novatus akakumbuka. Ili udongo usiingie, alikuwa amekiviringishia kipande cha kitenge cha Speciosa.

"Rudisha waya! Kimbia!"

Alikimbia migombani, akaurudisha. Dirishani ikasikika pumzi ndefu, halafu kikohozi.

"Nifukue nikitoe, mama?" aliita.

"Ukikitoa, unamtoa na yeye."

"Basi tufanye nini?"

"Sijui, mwanangu." Agripina alikuwa analia. "Mimi nilikatazwa tu kuchokonoa. Sikuambiwa dawa yake."

Ndipo kompyuta ikalia. Chaji ilikuwa inakwisha, na kibao kilikula umeme wa kompyuta hiyohiyo. Kijijini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Novatus alipunguza mwanga wa kioo, akafunga kila kitu isipokuwa ile programu, akaanza Salamu Maria. Hakuifikisha mwisho.

Kioo kikawa cheusi.

Akasubiri yowe. Halikuja. Badala yake alisikia kitanda kikilia, akaingia mbio huku machozi ya furaha yanamtoka. Speciosa alikuwa ameketi kitako, anapumua, anamtazama bila kupepesa. Agripina alikuwa amejibanza ukutani, rozari mdomoni.

"Speciosa… mke wangu, unanisikia?"

Midomo ikafunguka.

"Thelathini na nane," akasema, kwa sauti isiyo yake.



"Thelathini na saba."

Novatus akamkumbatia, akamfunika blanketi, akamsihi anyamaze. Hakunyamaza. Alizitaja moja baada ya nyingine, zikishuka, na mwili wake ukapoa mikononi mwa mumewe kadiri alivyozitaja.