Pasi ya Mke

"Saba?" Kache aliduwaa. "Na jana ilikuwa nne!"

"Jana imekwisha, dada," akajibu Karisa, kondakta. "Malindi hadi Watamu ni shilingi saba. Ofisi ndiyo iliyopandisha, si mimi."

Kituo kizima kilikuwa kimepigwa na butwaa asubuhi ile ya mwaka wa themanini na nne. Mama mmoja mwenye kapu la samaki alikuwa ameketi chini, mkono kinywani. Kache wa Muyeye, msafisha vyumba katika hoteli moja ya Watamu, alifungua fundo la leso. Nne, basi.

"Nikatie ya Gede."

"Na kutoka Gede?"

"Mungu kanipa miguu."

Karisa akamtazama: gauni la kazi la samawati lililonyooka, shingo ndefu, macho yasiyoomba. Akakata tiketi, na moyo wake ukakatika nayo.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa utani. "Miguu haijambo?" "Yakusalimu, yasema wewe umeota kitambi kwa kukaa." Jumapili moja walikula mhogo wa kuchoma karibu na gati, pilipili ikiwatoa machozi, na Karisa akamwambia, "Kache wangu, kwa mwendo ule utachakaa kabla sijakuoa. Nipe wiki moja."

Wiki haikwisha. Kache alikuwa kituoni alipomsikia Mzee Mramba, mkaguzi wa tiketi, akimwambia dereva, "Kumbe Karisa ana mke! Jana nimemtilia sahihi pasi ya mke, apande bure."

Basi likaja, likaondoka. Kache kasimama palepale. Alifika kazini saa nne, na msimamizi akamwambia, "Ukichelewa tena, usivae hilo gauni."

Adhuhuri simu ya mapokezi ikalia, Kache akaitwa. Alikuwa Karisa.

"Mpenzi, mbona leo hukupanda?"

"Mkeo hajambo?"

"Mke yupi?"

"Huyo wa pasi! Mzee Mramba katangaza kituo kizima."

Karisa akacheka, na kicheko kile kilimchoma Kache zaidi.

"Mke huyo ndiye nisemaye naye. Pasi ina jina lako. Kampuni haimpi pasi mchumba, humpa mke tu. Sasa utafika hadi mlango wa hoteli, bila senti."

Kache akashika meza. Mshtuko huu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, kwa kuwa ulikuja na furaha ndani yake, na furaha hiyo ikamtia hasira.

"Umeniandika mke bila kuniuliza? Kama mzigo wa juu ya basi?"

"Nilitaka usipoteze kazi…"

"Kazi ni yangu, na jina ni langu! Irudishe."

"Nitasema nini ofisini?"

"Sema ulikosea. Na ukitaka kweli kuniandika, kwetu hawasomi karatasi." Akakata simu. Kisha akalia chooni, maana kwa nauli ile hakujua atawahije kesho.

Aliwahi. Aliondoka Muyeye kwa basi la kwanza, akateremka Gede kukiwa bado na umande, akashika njia.

Jumamosi Karisa alifika Muyeye na wajomba wawili na kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi la kuposea. Pasi alikuwa ameirudisha, na ofisi ilikuwa imemkata mshahara wa siku tatu kwa uongo wake. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa jasho.

Baba yake Kache akamimina tembo katika kata, akaishika bila kuonja. Ndiyo desturi: mzee hanywi mpaka binti aseme.

"Kache, mwanangu. Huyu wamjua? Ninywe, nisinywe?"

Nyumba nzima ikamgeukia. Karisa alitazama miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza Kache jambo kubwa hivyo, na sasa wote walingoja jibu lake.

"Kunywa, baba," akasema. "Ila mpaka siku ya harusi, tiketi yangu ni ya Gede, na nitailipa mwenyewe."

"Loo!" wajomba wakashtuka.

Baba akanywa.