Simu Iliyofungwa Uzi wa Bluu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi jengo la maduka lilifurika, na mtu aliyesimama orofa ya juu akatazama chini aliona mabega tu. Katikati ya ukumbi, baina ya kinyozi na muuza viatu, kampuni moja ya simu ilikuwa imetandika meza ndefu kwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Nyuma ya meza hiyo alisimama kijana mrefu wa shati jeupe, ambaye kifungo chake cha juu kabisa kilikuwa kimefungwa ingawa joto la siku ile lingemsamehe yeyote aliyekifungua.

Fundi wa mapazia alipita hapo kwa haraka. Alivaa blauzi ya rangi ya kahawa na kilemba cha manjano, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwake bila yeye kukumbuka, na begani alibeba jora la kitambaa kizito. Simu ilikuwa sikioni. Alikuwa akimweleza mteja, kwa mara ya tatu, kwamba dirisha hupimwa kwa tepu wala halipimwi kwa mkono. Alipogeuka ili asikie vizuri, jora liligeuka naye, likafagia vipeperushi vyote vya mezani hadi sakafuni.

"Samahani kaka," alisema, akiinama kuviokota. "Kitambaa hakina macho."

"Hakuna kilichovunjika," kijana alijibu, naye akiinama. "Labda hiyo simu."

"Hii haikuvunjika leo. Ina miaka yake ya kuvunjika."

Kijana aliitazama. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeshikizwa kwa uzi wa bluu, mizunguko imelala sambamba, na fundo limefichwa pembeni pasipoonekana. Aliuliza ni nani aliyemfungia. Fundi akajibu kwamba kajifungia mwenyewe, kwa mkono uleule wa kushonea pindo, na kwamba mapazia yake hayajawahi kufumuka.

"Umeifunga simu yako kwa uzi wa bluu na bado hujaitupa," kijana alisema taratibu, kama anayezungumza peke yake. "Mtu mwenye subira hivyo anastahili kusikilizwa."

Nyuma yao msimamizi wa mauzo, bwana mmoja wa tai fupi, aliacha kunywa chai yake.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka kuliko ilivyopasa. Mkataba husomwa kabla ya kalamu kufunguliwa. Kila mtoto hufunzwa hivyo, na kila mtu mzima husahau. Fundi alikuwa akiyatazama macho ya muuzaji alipotia sahihi. Aliondoka na simu mpya yenye kioo kinachong'aa kama maji ya mtungini, na malipo ya kila mwezi kwa miaka miwili. Namba ya muuzaji alikuwa ameiomba mwenyewe, na yake ya zamani akamwachia.

Simu ya kwanza aliyopigiwa kwenye chombo kile kipya ilitoka kwake.

"Fundi wangu, nimepita dirisha lenye pazia lililopinda. Nimekukumbuka."

"Unanikumbuka kwa pindo bovu?"

"Nimekukumbuka kwa kuwa lako lisingepinda."

Fundi alicheka hata akachomwa na sindano. Tangu siku hiyo alipigiwa asubuhi, mchana na jioni, na akawa na mtu wa kutembea naye baada ya kazi, taratibu, mikono ikigusana na kuachana. Kijana hakuwa mwingi wa maneno. Alilolisema alikuwa amelifikiria, na hilo ndilo lililompendeza fundi kuliko sura yake, ingawa sura nayo haikumchukiza.

Tatizo lilikuwa karakana. Fundi alifanya kazi kwa shangazi yake, katika chumba cha chini ya ardhi ambamo cherehani tatu zililia kutwa. Mtandao wa kampuni ile mpya haukufika humo hata kidogo. Kila simu ilipotarajiwa, ilimbidi aache mshono, apande ngazi na kusimama barabarani. Mafungu ya intaneti aliyolipia yalikwisha muda wake bila kuguswa. Shangazi, mama mpana aliyezoea kusema huku pini zikiwa mdomoni, alivumilia kwa siku chache.

"Mwanangu, ulikuwa fundi wa mapazia," alisema. "Siku hizi umekuwa mlinzi wa mlango."

Alimuuliza kwa nini asiurudishe mkataba. Fundi alisema kwamba kilichotiwa sahihi kimetiwa sahihi. Hakuwa na hakika ya hilo. Ukweli ni kwamba aliujutia mkataba tangu juma la kwanza, lakini aliona kwamba kuirudisha simu ni kuurudisha mkono uliompa.

"Basi mwambie huyo Bwana Kola wako wa kifungo cha juu," shangazi alisema. "Mwanamume asiyeweza kuambiwa kwamba bidhaa yake haifai hafai yeye."

Fundi aliukubali ushauri. Mchana uliofuata alifunga kilemba chake cha manjano na kwenda kwenye jengo la maduka bila kutoa taarifa. Ukumbi ulijaa. Alipoikaribia meza ya chungwa alimwona kijana wake ameinama mbele ya mama mmoja mwenye mkoba mwekundu, na sauti ile aliyoijua ikamfikia.

"Mtu mwenye subira kama wewe, mama, anastahili kusikilizwa."

Mama yule alitabasamu na kuchukua kalamu.

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Maneno yaleyale. Alikuwa ameyabeba moyoni siku zote zile kama mtu abebavyo hirizi, kumbe yaligawiwa kila mpita njia pamoja na kipeperushi. Alirudi karakana, akashona pazia zima bila kupanda ngazi, na simu ikaita huko juu barabarani, mezani kwa muuza magazeti alikoiacha, hadi mwenye kuipiga akachoka.

Kesho yake alirudi, na safari hii alikwenda moja kwa moja mezani, akaiweka simu ndani ya boksi lake.

"Nataka kuvunja mkataba," alisema.

Msimamizi wa tai fupi alitangulia kujibu. Alieleza kwa upole wa kibiashara kwamba wino haufutiki, dada, na kwamba kampuni ingeweza kumwongezea dakika za bure kama pole. Kijana alisubiri amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kwa kinyozi, kwamba hiyo si kweli.

"Hukununua dukani kwetu," alimwambia fundi. "Ulisimamishwa njiani. Kwa mauzo ya namna hii sheria inampa mteja muda wa kujutia, na wako haujaisha. Andika kwamba umejitoa, tarehe na sahihi, ubaki na nakala. Rudisha simu ikiwa nzima. Utalipia ulichotumia, basi. Na sababu si lazima uitoe kwa mtu yeyote."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Msimamizi alikuwa amebadilika rangi. Fundi aliandika alivyoelekezwa, naye kijana akapokea, akagonga muhuri na kumpa nakala. Alifanya yote hayo bila kuinua macho. Fundi akajiambia kwamba anamaliza shauri la mteja mmoja ili amwite mwingine.

"Na yale maneno?" aliuliza. "Nayo narudisha?"

"Yale yalikuwa yako."

"Na yule mama wa mkoba mwekundu, yalikuwa yake?"

Kijana alifungua mdomo. Msimamizi alikuwa ameshamshika begani na kumwita pembeni, na waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakisikiliza waziwazi. Fundi hakungoja. Alipofika karakana aliitoa simu ya zamani kwenye droo ya vifungo, akaifunga uzi mpya wa bluu, na kurudi kwenye cherehani.

Siku zikapita. Simu ya zamani iliita mara nyingi kwa namba aliyoijua, naye akaiacha iite. Alishona vizuri na akala vibaya.

Ndipo siku moja akashuka ngazi zile dada mmoja mchangamfu, mwenye fulana ya chungwa ya kampuni ile ya simu, akitaka pazia jepesi la chumba chake. Shangazi alimsalimu, akamkaribisha kiti, na kumuuliza kazi inaendaje. Dada alisema kazi inaenda, ila wamechoshwa na kukariri.

"Msimamizi wetu ana hotuba moja, shangazi. Tusipoisema neno kwa neno, anatukata mshahara. Yaani namwambia mteja mwenye simu mpya kabisa: umeifunga simu yako kwa uzi wa bluu. Mteja ananitazama kama nina homa. Uzi gani? Bluu ya wapi?"

Cherehani ya fundi ilinyamaza.

"Hotuba hiyo imetoka wapi?" aliuliza.

"Kuna mwenzetu alimwambia msichana fulani, akiwa amependa tu, masikini. Msichana akatia sahihi papo hapo. Msimamizi alikuwa nyuma yake, akadhani ni uchawi wa biashara, akaunakili na uzi wake na rangi yake. Mwenzetu alikataa kusema hiyo ya uzi, alisema hilo si la kuuza. Nusu nyingine alilazimishwa kama sisi." Dada alikishika kitambaa na kukitazama kwenye mwanga. "Naye hatunaye tena mezani. Alimfundisha mteja haki zake mbele ya bosi, akapelekwa dawati la wanaojitoa. Walidhani ni adhabu. Anafurahi huko, anawaeleza watu ukweli kutwa."

Wakati huo macho yake yaliishukia simu iliyokuwa kando ya mkasi. Aliutazama uzi, akamtazama fundi, akaketi vizuri zaidi.

"Mwanangu," shangazi alisema, akitema pini, "vaa kilemba."

Dawati la wanaojitoa lilikuwa mwisho wa korido, mbali na taa za ukumbi wa maduka. Kijana alikuwa peke yake, kifungo cha juu kimefungwa. Alipomwona fundi alisimama wima.

"Sina mkataba wa kuvunja," fundi alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilisikia nusu ya sentensi, nikahukumu nzima."

"Ningekwambia."

"Ulinipigia. Sikupokea."

"Niliona." Alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimekuwa mwenye subira, nikangoja kusikilizwa."

Walicheka wote wawili. Kisha kijana akamwomba aketi, na hapo, mbele ya kiti cha wateja na kopo la kalamu, akamwambia kwamba anataka kumuoa. Fundi alivuta pumzi ajibu, lakini kijana aliinua mkono.

"Usinijibu leo. Mara ya kwanza ulitia sahihi bila kusoma. Safari hii soma kwanza."

"Nisome nini?"

"Mimi."

Naye alimsoma. Alipelekwa kwa mama wa kijana, akaona kwamba shati lile kijana hulipiga pasi mwenyewe na kwamba akiwa na njaa hununa kama mtoto. Kijana naye alikuja karakana, akampa shangazi shikamoo, akabeba majora bila kuombwa, akabishana na shangazi habari ya siasa na asimwache ashinde kwa adabu tu, jambo ambalo shangazi alilisifu baadaye. Fundi hakuharakisha. Kwa kuwa muda ni haki yake, alisema, ataula wote.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya pindo, aliweka sindano chini na kupiga simu ya dawati.

"Nimemaliza kusoma," alisema. "Jibu ni—"

Safari hii hata mtandao wa simu ya zamani ukakatika.

"Fundi? Sikusikii. Jibu ni nini?"

Alipanda ngazi akirudia neno, na kila alipopanda lilifika kwa kipande. Mafundi wenzake waliacha kushona wasikilize. Shangazi alifuata nyuma, akimsukuma kwa kiganja. Huko kwenye korido kijana alikuwa amesimama, mkono mmoja umezuia sikio, na mbele yake mzee aliyekuja kuvunja mkataba alishika karatasi zake na kusubiri kwa heshima.

Fundi alitokea barabarani, juani, simu ya uzi wa bluu ikiwa sikioni.

"Nimekubali," alisema. "Umesikia, laazizi? Nimekubali."

Kijana alisikia. Alipeleka mkono shingoni na, kwa mara ya kwanza katika ofisi ile, akakifungua kifungo cha juu.