Mkono Uliogonga Mgongoni

Kila siku baada ya masomo, Kupe alikuwa wa kwanza kufika ukumbini. Alitandaza mikeka, akaipangusa kwa tambara bichi, kisha akafunga mkanda wake wa judo na kuwangoja wenzake. Jina la Kupe alipewa na wao, kwa sababu akishakukamata chini habanduki.

Mwenzao mmoja, Radi, alikuwa kinyume chake. Alipigana wima, na ukipepesa jicho umeshabwagwa chali. Kila mtu alimshangilia. Kupe akishinda walinong'ona, "Kazi yake kugaagaa tu." Maneno hayo yalimchoma, maana kujifunza kubana kulikuwa kumemtoa jasho si haba.

Siku ya kumchagua msichana wa kwenda mashindanoni, walibaki wao wawili. Radi alijaribu kumbwaga, wakaanguka pamoja, Kupe akamgandamiza. Radi alifurukuta mpaka pumzi zikamwishia. Ndipo Kupe akahisi mkono ukimgonga mgongoni mara mbili. Katika judo, huko ni kusema nimeshindwa, na aliyegongwa huachia papo hapo. Kupe akaachia.

Mwalimu alikuwa upande wa pili, hakuuona mkono ule. Kupe aliinuka akirekebisha koti lake. Radi naye akainuka, akamdaka na kumbwaga chali. Ukumbi mzima ukashangilia.

"Mwalimu, aligonga," Kupe alisema. "Ndiyo maana nikamwachia."

"Nani, mimi?" Radi akajibu. "Nilikuwa natafuta pa kushika. Usinisingizie, mwenzangu."

"Sikuona," mwalimu alisema kwa unyonge, "na nisichokiona siwezi kukihukumu. Ushindi ni wa Radi."

Kupe alirudi nyumbani amejaa hasira. Uungwana wake ndio uliomponza, na mwongo akapigiwa makofi!

Kesho yake mwalimu aliwapanga wawili wawili. Kupe akapangwa na Radi. Alimbana vilevile, na Radi akagonga vilevile. Kupe akaachia mara moja, akasimama.

"Umegonga," aliuliza kwa sauti, "au unatafuta pa kushika?"

Msichana mmoja akasema, "Mimi sitacheza naye. Akigonga, nitajuaje amesema kweli?" Wengine wakarudi nyuma.

Njia ya mwongo ni fupi. Radi aliinamisha kichwa. "Nimegonga," alisema. "Na jana niligonga."

"Basi atakayekwenda mashindanoni ni Kupe," mwalimu alisema. Akawageukia wote. "Nanyi mnaocheka kugaagaa, mkome. Kubwaga ni judo, kubana ni judo. Lakini tunaumizana hapa bila kuogopana kwa sababu tunaamini mkono unaogonga. Ukiufanya mkono huo useme uongo, hata ukiwa bingwa, nani atakubali kushikana nawe?"

Radi alibaki peke yake katikati ya ukumbi. Kupe alimtazama, hasira bado haijamtoka. Akakaza mkanda wake.

"Njoo," alisema. "Ila leo ukigonga, gonga mkeka, wote wasikie."